Bahati Nasibu ya Viza ya Marekani: Yampasayo Mwamini Kujua Kabla ya Kuuza Kibanja



Kila mwaka, mvua za vuli zinapoanza kushika na watoto wa Bukoba na Muleba wanapoanza kuulizana senene wataanguka lini, hufika katika ofisi za parokia vijana wenye ombi moja. Wanataka nakala ya cheti cha ubatizo, na wanaitaka leo hii. Wakiulizwa ni ya nini, wengine hujibu waziwazi, wengine huzungukazunguka mpaka neno litoke: “Padre, nacheza bahati nasibu ya Marekani.”

Ombi hilo halina ubaya, na hakuna sababu ya mtu kuliona haya. Kinachosumbua ni yale yanayokuja nyuma yake. Zipo familia zilizouza kahawa ikingali maua mtini, kwa mtindo ule wa butura unaojulikana na kulaaniwa Kagera nzima, ili kumlipa “wakala” kwa kujaza fomu ambayo kwa miaka mingi ilijazwa bila malipo yoyote. Zipo ndoa zilizotiwa doa, na vipo vibanja vilivyobadili mwenyewe. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza jambo hili kwa utaratibu, ili mwamini anayetaka kujaribu ajaribu akiwa macho, na asiyetaka aweze kumshauri mwanawe.

Mpango huu ulianzishwa na Sheria ya Uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990, na ukaanza kutumika kikamilifu katika mwaka wa fedha wa 1995. Sheria hiyo inatenga hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa ajili ya watu waliozaliwa katika nchi ambazo raia wake wachache wamehamia Marekani. Ndiyo maana Tanzania, Uganda na Kenya zimekuwa zikihesabiwa miongoni mwa nchi zenye kustahili, wakati Nigeria, ambayo watu wake wengi wamekwisha kuingia kwa njia nyingine, imekuwa ikiachwa nje. Hakuna nchi moja inayoweza kupewa zaidi ya asilimia 7 ya viza hizo. Anayeipata huingia Marekani kama mkaazi wa kudumu, mwenye kile ambacho wengi hukiita kadi ya kijani: anaweza kuishi na kufanya kazi huko, lakini bado ni Mtanzania. Uraia wa Marekani ni hatua nyingine, huombwa kwa kawaida baada ya miaka mitano ya ukaazi, na kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, hapo ndipo penye uamuzi mzito.

Hapo zamani maombi yalipelekwa kwa barua, na wapo wazee wanaokumbuka kupanga foleni posta na bahasha zao. Tangu mwishoni mwa mwaka 2003 maombi yote hufanyika kwa intaneti, katika tovuti moja tu ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo anwani yake huishia na herufi .gov. Kwa kawaida dirisha limekuwa likifunguliwa mwanzoni mwa Oktoba na kufungwa mapema Novemba, na majibu kutolewa mwezi Mei unaofuata. Kompyuta ndiyo inayochagua. Hakuna afisa wa kumwonea huruma mtu, wala wa kuhongwa.

Na tuseme ukweli kuhusu uwezekano wenyewe. Kwa mpango wa mwaka 2025 yalipokelewa maombi halali zaidi ya milioni 19, na waliochaguliwa, pamoja na wenzi wao na watoto, walikuwa takribani 131,000. Hata mmoja katika mia hafiki. Tena hao 131,000 si kwamba wote wangepewa viza, kwa maana viza haziwezi kuzidi 55,000. Huchaguliwa wengi kwa makusudi kwa kuwa inajulikana kwamba baadhi hawatakuwa na sifa, wengine watachelewa, wengine wataghairi. Kwa hiyo barua ya kuchaguliwa ni ruhusa ya kuomba viza, na viza yenyewe lazima iwe imetolewa kabla ya mwaka wa fedha wa Marekani kwisha tarehe 30 Septemba. Siku ikipita, nafasi imekufa, hata kama mtu alikwisha kuagana na ukoo mzima.

Sifa zinazotakiwa

Marekani huangalia mahali mtu alipozaliwa. Haiulizi kabila, wala haianzi na uraia. Jambo hili linatugusa sisi wa Kagera kuliko wengi. Tangu enzi za ukoloni watu wetu wamekuwa wakivuka mpaka kwenda Buganda kutafuta kazi, na wako miongoni mwetu Watanzania halisi waliozaliwa Masaka au Kampala. Hao nchi yao ya kuzaliwa ni Uganda, na hivyo ndivyo inavyopasa kuandikwa. Anayeandika Bukoba kwa kudhani inapendeza zaidi anajichimbia shimo, kwa kuwa vyeti vyake vitamsuta siku ya mahojiano.

Sifa ya pili ni elimu au kazi. Mwombaji awe amemaliza miaka 12 ya elimu ya msingi na sekondari, au awe na uzoefu wa miaka miwili, ndani ya miaka mitano iliyopita, katika kazi ambayo yenyewe huhitaji mafunzo au uzoefu wa angalau miaka miwili. Hapa kila mtu afanye hesabu kwa vidole vyake. Darasa la saba na kidato cha nne, katika mfumo tuliousoma wengi wetu, ni miaka 11. Kidato cha sita ni 13. Mwenye kidato cha nne asome kwa makini maelekezo ya ubalozi kabla ya kutoa senti moja, na aangalie kama kazi yake inaweza kumbeba. Fomu ya mtandaoni haimkatalii mtu asiye na sifa. Atakataliwa miezi mingi baadaye, mbele ya afisa wa ubalozi, akiwa amekwisha kulipa ada ya dola 330 kwa kila mwanafamilia, fedha ambayo hairudishwi.

Picha nayo imewatoa wengi: iwe ya miezi sita ya karibuni, mtu asivae miwani, na isiwe ileile aliyoitumia mwaka uliopita. Kila mtu aombe mara moja tu. Anayeomba mara mbili kwa mwaka mmoja, hata kama ombi la pili limetumwa na shangazi bila yeye kujua, maombi yake yote hufutwa. Mume na mke, hata hivyo, kila mmoja anaweza kuomba kwa jina lake na kumtaja mwenzake, iwapo wote wana sifa.

Mke, mume na mtoto aliyefichwa

Fomu humtaka mwombaji kumtaja mwenzi wake wa ndoa na watoto wake wote walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa. Wote, hata wale ambao hawatasafiri, hata wale wanaoishi kwa bibi yao Nshamba, hata yule aliyezaliwa nje ya ndoa. Asipomtaja mmoja wao, familia nzima hunyimwa viza.

Wachungaji wa roho wanajua jambo hili linafunua nini. Kuna baba ambaye amekaa miaka 10 na mkewe bila kumwambia kwamba ana mtoto mahali pengine. Siku ya kujaza fomu anasimama njia panda: akimtaja, mkewe atajua, asipomtaja, ameweka uongo juu ya karatasi ambayo safari nzima imeegemezwa juu yake. Wengi huchagua kunyamaza, na ukimya huo hudumu mpaka pale afisa anapouliza swali moja la ziada. Ndugu msomaji, kama hali yako ni hiyo, kaa na mkeo kwanza, mbele ya padre au wazee mnaowaheshimu ikibidi. Mtoto yule ana haki ya kutajwa na baba yake, iwe kuna Marekani au hakuna.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni ndoa za kutengenezwa. Kijana aliyechaguliwa akiwa hana mke hufuatwa na mtu mwenye binti na fedha: “Mwoe, umpeleke, mkifika kila mmoja ashike njia yake.” Wengine huthubutu kuja parokiani wakiomba ndoa ifungwe upesi, bila mafundisho, bila kutangazwa. Sheria ya Kanisa haina utata hapa. Kanuni ya 1101 inafundisha kwamba mmoja wao au wote wawili wakiikataa ndoa yenyewe kwa tendo la makusudi la utashi, hakuna ndoa iliyofungwa, hata kama maneno yametamkwa mbele ya altare na shangwe zikapigwa. Paroko anapokataa kuharakisha hamwonei mtu wivu. Anailinda Sakramenti na anamlinda binti yule ambaye kesho anaweza kuachwa peke yake katika jiji asilolijua. Serikali ya Marekani nayo huihesabu ndoa ya namna hiyo kuwa ulaghai, na uongo wa makusudi mbele ya afisa wa viza huweza kumfungia mtu mlango wa nchi hiyo kwa maisha yake yote.

Tukiwa bado ofisini, neno moja kuhusu cheti cha ubatizo. Cheti hicho ni ushuhuda wa Sakramenti, kilichonakiliwa kutoka kitabu ambacho kanuni ya 535 inamwagiza paroko akitunze kwa uangalifu. Mara nyingi humsaidia mtu kupata cheti cha kuzaliwa cha RITA alichochelewa kukitafuta, na hicho cha RITA ndicho kinachotambuliwa kiserikali. Lakini hakuna katibu wa parokia mwenye mamlaka ya kupunguza umri, kubadili jina la mzazi au kurudisha nyuma tarehe. Anayekuja na bahasha ya “soda” kwa kazi hiyo anamtia katibu katika kishawishi, na katibu anayeipokea ameisaliti kazi yake.

Wanaovuna pasipopandwa

Ulaghai katika jambo hili una sura nyingi, lakini zote hutokana na chanzo kimoja: mtu kumkabidhi mwingine kazi ambayo angeweza kuifanya mwenyewe kwa nusu saa. Kijana anakwenda kwenye duka la steshenari. Mwenye kompyuta anamjazia fomu, ila barua pepe anayoiandika ni ya kwake yeye mwenye duka, na namba ya uthibitisho inayotokea mwishoni anaibaki nayo. Bila namba ile mwombaji hawezi kuangalia majibu. Mei inafika, mwenye duka anafungua majibu ya wote aliowajazia, na akimkuta aliyechaguliwa humpigia simu na kutaja bei. Wakati mwingine bei hiyo ni mke: ndani ya fomu amekwisha kumwandikia mtu mwenzi asiyemjua, ambaye naye amelipa. Masikini yule kijana hujikuta ameoa kwa mkono wa mtu mwingine.

Sura nyingine ni ujumbe wa simu au barua pepe ya pongezi, yenye bendera na muhuri, ikimtaka “mshindi” atume fedha za usindikaji kwa wakala wa simu kabla ya jua kuchwa. Kumbuka hili na uwaambie wengine: serikali ya Marekani haiwatumii watu barua ya kuwaarifu kwamba wamechaguliwa, wala haidai ada ya viza kwa njia ya simu. Majibu huangaliwa na mwombaji mwenyewe katika tovuti ileile aliyoombea, kwa namba yake, na ada ya viza hulipwa wakati wa mahojiano kwa utaratibu wa ubalozi. Hakuna ubalozi unaomtuma mtu na pikipiki Kamachumu kukusanya malipo.

Halafu liko la kibanja. Aliyechaguliwa hujilipia mwenyewe kila kitu: pasipoti, uchunguzi wa afya na chanjo, ada, nauli ya kwenda kwenye mahojiano, tiketi ya ndege, na fedha ya kuanzia maisha, kwa kuwa hapewi nyumba wala kazi. Kwa familia ya watu watano ni mzigo mkubwa, na macho ya wengi hugeukia ardhi. Kibanja kwetu kina migomba na kahawa, lakini pia kina makaburi ya babu zetu, na ndugu wasiosafiri wanaishi juu yake. Mume asisahau kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Na hata pale sheria isipomzuia mtu, ashauriane na ukoo. Kuuza kipande kidogo baada ya viza kubandikwa katika pasipoti ni uamuzi ambao familia inaweza kuuzungumza. Kuuza kibanja chote kwa sababu ya barua ya kuchaguliwa ni jambo ambalo mwandishi wa makala haya, akiulizwa, atalipinga kila mara.

Hali ilivyo sasa

Haya yote ni ya lazima kuyajua, lakini mwaka huu kuna jambo kubwa zaidi. Oktoba 2025 dirisha la maombi halikufunguliwa kama ilivyozoeleka. Marekani ilisema inafanya mabadiliko, na miongoni mwake ni ada ya dola 1 ya kujiandikisha, ambayo haikuwapo kabla. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais wa Marekani alitia saini tangazo lililoiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Vizuizi hivyo vinahusu viza za uhamiaji, ambamo bahati nasibu imo, na pia viza za matembezi na za masomo. Sababu iliyotajwa ni idadi ya Watanzania wanaopitiliza muda wa viza zao: asilimia 8.30 kwa wageni wa matembezi na biashara, na asilimia 13.97 kwa wanafunzi na wanaokwenda kwa mabadilishano. Siku chache baadaye, katika mwezi huohuo, serikali hiyo ikatangaza kuusimamisha mpango wenyewe wa bahati nasibu. Viza zilizokwisha kutolewa kabla ya tangazo hazikufutwa nalo.

Matangazo ya namna hii hupitiwa upya na huweza kubadilika. Lakini katika hali hii, mtu anayepita jumuiya kwa jumuiya akiandikisha majina na kupokea fedha za “bahati nasibu ya mwaka huu” anauza samaki aliye bado ziwani. Tena mlango ukifungwa ndipo walaghai wanapopata soko zuri zaidi, kwa sababu mtu aliyekata tamaa haulizi maswali, na neno “nina njia ya ndani” humwingia kama dawa.

Je, ni dhambi kucheza?

Swali hili huulizwa sana, na neno lenyewe “kucheza” limetuponza kidogo. Mitume walipiga kura kumpata Mathia, na askari walipiga kura chini ya Msalaba wakigawana mavazi. Kura yenyewe haina tabia njema wala mbaya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati haipingani yenyewe na haki, ila inakuwa haikubaliki pale inapomnyima mtu kile anachokihitaji kwa riziki yake na ya wengine. Kwa kipimo hicho, kujaza fomu kwa ada ya dola moja si kosa. Kumnyima mtoto ada ya shule ili kumlipa wakala ni kosa.

Kuhusu kuhama kwenyewe, mafundisho ya Kanisa ni mapana kuliko wengi wanavyodhani. Mtakatifu Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alilitaja suala la mtu kuhamia nchi nyingine kwa sababu za haki kuwa miongoni mwa haki za binadamu. Katekisimu, namba 2241, inazikumbusha nchi tajiri wajibu wa kumpokea mgeni kadiri ya uwezo wao, na inamkumbusha mgeni wajibu wa kuheshimu sheria za nchi inayompokea. Naye Papa Francisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani ya mwaka 2023, alikazia kwamba mtu awe huru kuchagua kuhama au kubaki. Maneno hayo mawili ya mwisho yanatuhusu sana. Kijana anayeondoka Muleba kwa sababu mnyauko umemaliza migomba ya nyumbani na bei ya kahawa haitabiriki, uhuru wake wa kubaki ulikwisha kuchukuliwa kabla hajaigusa kompyuta. Tukimkaripia yeye peke yake, na tusiseme neno juu ya butura na juu ya bei ya mkulima, tumefanya nusu ya kazi.

Basi, kwa wale walio tayari ndani ya jambo hili: mwenye namba ya uthibitisho ya miaka ya nyuma aitunze, tena mahali pawili. Aliyejaziwa fomu na mtu mwingine amdai namba hiyo pamoja na barua pepe iliyotumika, na akinyimwa asisite kwenda polisi. Aliyetuma fedha kwa ujumbe wa simu atoe taarifa kwa kampuni ya simu siku hiyohiyo, kwa kuwa kesho huwa zimekwisha kutolewa. Na mzazi anayefuatwa na mtu mwenye fomu na lugha tamu amwambie aje naye parokiani siku ya kazi, mchana, aeleze habari zake mbele ya paroko na wajumbe wa halmashauri ya walei.